Pembe ya Upande wa Kushoto

Albamu ile ililetwa nyumbani kwetu Richfield, pembeni mwa Minneapolis, Marekani, mwezi wa Oktoba, wiki ambayo mafua yalikuwa yamenikaba. Mhariri wangu aliileta mwenyewe kwa gari kutoka Woodbury, akaiweka mlangoni, akapiga honi na kuondoka kabla sijafungua, maana yeye huogopa mafua kuliko kitu chochote. Ni mzee wa Kimarekani, mwalimu mstaafu wa hesabu, na anaendesha jarida dogo la mtandaoni kuhusu roki ya progresivu: roki ile ndefu, yenye vinanda vingi na mapigo yanayobadilikabadilika, ambayo wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa santuri. Wasomaji wetu ni wachache na wabishi sana. Kazi yangu ni kuwaandikia tathmini za albamu za Kiitaliano.

Watu huniuliza, Mtanzania na roki ya Kiitaliano wapi na wapi? Nilikulia Iringa, jirani na misheni ya Waitaliano. Bruda mmoja aliyekuwa fundi wa magari alizoea kufungulia kaseti zake gereji kutwa nzima, na sisi watoto tuliokwenda kuchota maji kwenye bomba la misheni tulizisikia tutake tusitake. Nilimaliza darasa la saba nikijua kuimba kwa Kiitaliano mambo nisiyoyaelewa hata kidogo. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi hapa Minneapolis, niliingia kwenye duka la santuri kuukuu ili nikwepe baridi wakati nasubiri basi, na humo ndani kilikuwa kinalia kinanda kilekile cha gereji. Nilisimama katikati ya duka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Basi likapita, na lililofuata likapita.

Siku hizi kazi inayonilisha ni ukaguzi wa madaraja. Kuna vifaa vingi vya kisasa, lakini sehemu kubwa bado ni ile ya zamani: unagonga zege kwa nyundo na kusikiliza. Zege zima hulia sauti kali na fupi. Zege lililoachana kwa ndani hulia kwa uzito, kama boksi tupu. Ukisikia uzito huo unachora alama kwa chaki, na wengine wanakuja kubomoa na kujaza upya. Minneapolis inajua daraja likianguka inakuwaje, maana moja liliwahi kuanguka mtoni na kuua watu, kwa hiyo hakuna anayeifanyia mzaha kazi hiyo.

Basi Jumamosi ile niliketi sebuleni na albamu. Mke wangu alikuwa amelala juu. Yeye ni muuguzi, Mkenya wa Nakuru, na hufanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee huko Inver Grove Heights, kwa hiyo mchana nyumba yetu ni ya kunyata. Watoto wako chuoni, spika zimefunikwa kitambaa, na mimi husikiliza kwa hedifoni. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba tangu katikati ya wiki. Nilijua ni mafua. Nilikuwa nimekwisha kujifukiza kwa maji ya moto na mchaichai, na nilikuwa na hakika litazibuka lenyewe.

Bendi ni ya vijana kutoka kaskazini mwa Italia, na albamu nzima inasimulia siku moja katika machimbo ya marumaru, kule ambako babu zao walipasua mlima kwa baruti. Kwenye jalada kuna mlima mweupe uliokatwa kama kipande cha jibini. Niliweka sindano juu ya santuri, nikafunga macho.

Kimya. Kikaendelea kuwa kimya. Kulikuwa na upepo kidogo upande wa kulia, na nyayo za mtu juu ya kokoto. Nikaanza kujiuliza kama amplifaya imezimika. Halafu, bila dalili yoyote, mlipuko. Niliruka kwenye kiti. Ngoma, gitaa na kinanda viliingia kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimeshika mikono ya kiti kama abiria wa ndege inayoyumba.

Nilisikiliza pande zote mbili za santuri, nikarudia. Kila mlipuko ulinikuta bila taarifa. Nilianza kuuogopa upande wa pili hata kabla sijaugeuza, na hofu hiyo niliiona kuwa ni kosa la bendi. Nikaandika nilichoamini. Niliandika kwamba vijana hawa wana kipaji lakini wamekosa adabu kwa msikilizaji; kwamba wametumia ukimya kama mtego; kwamba fundi wao wa mitambo amerundika kila kitu kulia na kuacha kushoto patupu, muziki mzima ukawa mwembamba na wenye kuchokoza, hauna besi, hauna kifua. Nikaipeleka kwa mhariri nikajisikia vizuri, maana tathmini kali huandikika haraka.

Alinipigia jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama.

"Rafiki yangu," alisema, "nimesoma. Sentensi nzuri. Ila unazungumzia ukimya gani?"

"Ule wa mwanzo. Kabla ya mlipuko."

"Hakuna ukimya pale. Pale kuna pembe."

"Pembe gani?"

"Pembe inayopulizwa kuwaonya wachimbaji wakimbie. Ndiyo inayonitisha mimi katika albamu nzima. Inalia muda mrefu kabla ya kila mlipuko, nzito, upande wa kushoto. Huwezi kuikosa."

Nilimwambia labda hedifoni zangu zimekatika waya. Akasema labda. Tukaagana, na nilisikia katika sauti yake kwamba ameanza kuwa na wasiwasi juu yangu na hataki kuuonyesha.

Nilirudi sebuleni, nikaweka santuri mwanzo. Upepo. Nyayo. Kimya. Kisha nikafanya jambo rahisi ambalo mtu yeyote angelifanya: niligeuza hedifoni, kipande cha kushoto nikakivalisha sikio la kulia, cha kulia nikakivalisha kushoto.

Pembe ikalia. Ilikuwa sauti ya chini na ndefu, ya mnyama aliyekwama mahali, na ilinijaza kichwa upande mmoja hadi nywele zikanisimama. Nayo ile sauti ya upepo na nyayo niliyoizoea ilikuwa imekufa. Mlipuko ulipokuja sikushtuka, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeonywa. Kilichonishtua ni kwamba hedifoni zilikuwa nzima.

Nilizivua, nikapapasa sikio la kushoto kwa kidole. Nilisugua vidole karibu nalo. Nilikuwa kama ninamtazama mtu mwingine akisugua vidole nyuma ya dirisha. Wazee walisema la mgambo likilia kuna jambo. Hawakusema afanye nini mtu ambaye la mgambo limelia mchana kutwa karibu na kichwa chake naye hana habari. Ndege ilipita juu ya paa ikielekea uwanjani, kama zinavyopita kila mara hapa Richfield, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba wiki ile ndege zote zilikuwa zikitua upande wa kulia.

Mke wangu alishuka ngazi akiwa na gauni la kulalia, akitafuta chai. Nikamweleza, nikijitahidi kulifanya jambo liwe dogo. Yeye hakuketi. Alisimama nyuma yangu upande wa kushoto, kisha akaja mbele yangu.

"Nimekuita mara mbili kwa kunong'ona," alisema. "Umesikia?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Jumatano, labda. Ni mafua tu."

"Hii si homa, mzee." Homa kwa Kikenya chake ndiyo mafua. "Sikio likizimika ghafla hivi, haungoji Jumatatu. Vaa koti. Mimi ndiye nita-drive."

"Hujalala vya kutosha."

"Koti!"

Tulipokuwa tunaingia barabara kuu, king'ora cha ambulensi kikaanza kulia, nami nikageuka kulia kwa nguvu nikitafuta taa. Ambulensi ilitupita kushoto, karibu kabisa na kioo cha mke wangu. Aliona nilivyogeuka. Alikaza mikono kwenye usukani na midomo yake ikaanza kusogea, na nilijua anasali, lakini sikusikia neno hata moja, kwa sababu anayeendesha katika nchi hii hukaa kushoto.

Usiku ule hospitalini walinipa vidonge vya kuanzia, na Jumatatu nilipelekwa kwa daktari wa masikio, mwanamke mpole aliyezungumza taratibu huku ananitazama usoni. Waliniingiza kwenye kibanda kisichopitisha sauti, wakanipa kitufe. "Bonyeza kila ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo sana." Kwa sikio la kulia kazi ilikwenda vizuri. Walipohamia kushoto, nilikaa na kitufe mkononi nikisubiri. Kupitia kioo nilimwona mpimaji akigeuza swichi zake, akiinua macho kunitazama, akigeuza tena. Nilitamani kubonyeza ili tu nimfurahishe. Kibanda kilikuwa na ukimya ambao sikuwa nimewahi kuujua. Nilisikia koo langu likimeza mate.

Daktari alinionyesha mchoro. Mstari wa kulia ulikwenda sawa. Wa kushoto ulianzia chini shimoni na kupanda kidogo mwishoni.

"Umepoteza karibu sauti zote nzito," alisema. "Mara nyingi hatumjui mkosaji. Huenda ni virusi, huenda ni mshipa mdogo wa damu. Tutakupa steroidi za kumeza, na nyingine tutakudunga kupitia kiwambo cha sikio. Wengine hupona, wengine nusu, wengine hawaponi. Umefanya vizuri kuja mapema."

Mke wangu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa. "Na kichwani?"

"Lazima tupige picha, ndiyo. Kuna uvimbe unaoweza kuota kwenye neva ya sikio. Si jambo la kawaida, lakini siwezi kuwaambia haupo kabla sijaona."

Neno uvimbe lilirudi nasi nyumbani. Liliketi nasi mezani. Vidonge vilininyima usingizi, vikanipa njaa ya ajabu, uso ukavimba mashavu, na kila nilipojiona kwenye kioo nilisema ndiyo hivyo, umeanza kujitokeza nje. Sikioni kulikuwa kumeingia mvumo kama wa jokofu kuukuu, haukomi. Nilijua mtu wa kanisani kwetu aliyekwenda kupimwa kichwa akiwa anacheka, akarudi akiwa hacheki. Nilianza kumfikiria kila siku.

Lakini hofu iliyonisumbua zaidi haikuwa ya kichwa changu. Wiki ile ya mafua nilikuwa nimekagua daraja dogo linalovuka reli upande wa mashariki wa Saint Paul. Nilikuwa nimegonga nguzo zake kwa siku nzima, magari yakinguruma juu, na nilikuwa nimesaini. Uzito ule wa zege bovu, ule wa boksi tupu, ndio hasa uliokuwa umepotea kwenye mchoro wa daktari. Nilikuwa na sikio moja zima, kweli, lakini lilitosha? Nilijaribu kujikumbusha kila nguzo. Niliona basi la shule la njano likipita juu yake, na hiyo haikuwa ndoto, maana nilikuwa nimeliona kweli siku ile likipita, nikiwa chini yake na nyundo.

Nikampigia bosi wangu, nikamweleza yote bila kupamba.

"Unaniambia daraja ni bovu?" aliuliza.

"Nakuambia sijui. Na nilisaini kana kwamba najua."

Akasema atamtuma mwenzangu alirudie, na mimi nikae nyumbani nijiuguze. Mwenzangu alinipigia baada ya kumaliza. Alisema kazi yangu ilikuwa sawa isipokuwa mahali pamoja, chini ya boriti ya pembeni, ambapo alikuta zege limeachana, eneo la ukubwa wa sinia. Halikuwa la kuangusha daraja. Lingengoja hadi masika bila madhara. Alilisema hilo kwa wema mara kadhaa, na kila aliporudia nilizidi kuona baridi mgongoni.

Siku ya picha walinilaza kwenye mtambo ule kama mkate unaoingizwa tanuri. Kijana wa mitambo aliniuliza kwa adabu ningependa kusikiliza muziki gani wakati wa kipimo. Mimi, mtu ambaye nyumba yake imejaa santuri hadi chooni, nilimwambia asiweke kitu. Basi mtambo ukanipigia wa kwake: mapigo saba ya haraka, kituo, mapigo matano, mvumo mrefu, tena saba. Ulikuwa mpangilio ambao bendi yoyote ya Kiitaliano ingejivunia. Nililala bila kutikisika, machozi yakiteremka masikioni, nikihesabu mapigo ili nisifikirie kinachotafutwa.

Katika nchi hii majibu hayamsubiri daktari. Yanaingia kwenye simu yako, na wewe mwenyewe ndiye unayefungua. Simu ililia kwa mtikisiko juu ya meza tukiwa jikoni, mke wangu ametoka kazini muda mfupi uliopita, bado amevaa sare, anakata sukuma wiki huku sufuria ikiwa motoni. Nilitazama kioo cha simu, nikashindwa kukigusa. Nikamsukumia.

"Soma wewe."

Alifuta mikono kwenye sare, akachukua simu, akazunguka meza na kuja kusimama kando yangu. Nilikuwa nikitazama sukuma. Nilisubiri. Nikasubiri zaidi. Nikajiambia kama ingekuwa habari njema angekwisha kusema. Hatimaye niliinua uso, na nikamwona analia, machozi yanadondoka juu ya kola ya sare, mkono umefunika mdomo.

Nilimfikiria mama yangu kule Iringa, nani atampigia. Nilifikiria watoto.

"Niambie," nilisema. "Niambie tu."

Alinitazama kwa mshangao. "Si nimekuambia?"

"Umeniambia nini?"

Ndipo alipogundua amesimama upande gani. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza, akasema kwenye sikio la kulia kwa sauti iliyoniumiza: "Hakuna kitu! Nimesema mara tatu. Hakuna uvimbe. Hakuna kitu!"

Nikakaa sakafuni. Yeye naye akakaa, na tukabaki pale tukicheka na kulia hadi sufuria ikaanza kuungua.

Sikio halikurudi lote. Baada ya sindano za mwisho mstari wa mchoro ulipanda kutoka shimoni hadi katikati ya kilima, ukatulia hapo, na daktari alisema tusitegemee zaidi. Mvumo wa jokofu umebaki. Kazini sikagui tena peke yangu. Tunakwenda wawili, na mimi nikigonga, mwenzangu anasikiliza, halafu tunabadilishana. Naona ni utaratibu ambao tungepaswa kuwa nao tangu zamani. Hata hivyo kila tunapokubaliana kwamba zege ni zima, mimi hugonga tena mahali palepale. Mwenzangu haniulizi.

Tathmini niliiandika upya mwezi uliofuata, kwa kuondoa kitambaa kwenye spika mchana ambao mke wangu alikuwa hana zamu. Yeye aliketi kwenye kochi na kikombe chake, mimi nikavuta kiti karibu na spika ya kushoto. Pembe ilipoanza kulia alikunja uso.

"Hawa watu wako wanaomboleza nini?"

"Wanawaambia watu wakimbie."

"Na hawakimbii?"

"Sikiliza."

Chini ya pembe, nyayo juu ya kokoto zikahamia kushoto, zikaanza kwenda mbio. Mimi sikuwahi kujua kwamba zinakwenda mbio. Mara ya kwanza nilisikia mtu anatembea tu. Mlipuko ulipokuja mke wangu alimwaga chai kidogo kwenye mkeka.

Niliandika kwamba ni albamu nzuri, yenye kasoro. Wimbo wa tatu ni mrefu bila sababu, na mwimbaji anapenda mno sauti yake ya juu. Besi, kwa jinsi ninavyoipata sasa, ni ya mtu mwenye subira, na kinanda cha upande wa pili ni kizuri kama chochote kilichowahi kutoka gereji ya bruda. Niliandika pia kwamba mhakiki anasikia vizuri upande mmoja na nusu upande mwingine, ili msomaji ajue ananunua ushauri wa nani. Mhariri alitaka kuiondoa sentensi hiyo, akasema inamwaibisha mwandishi. Nilimwomba aiache. Alibishana nami kwa muda, kama kawaida yake, kisha akaiacha, na wasomaji wetu wachache waliandika kulalamika kwamba nimeuonea wimbo wa tatu; la sikio hakuna aliyeligusa.